Kudurusu Kihispania kwa Kitabu

Katika sanaa zote ambazo mtu aweza kuzifanya peke yake, pasi na mwalimu wa kumsimamia wala mwenzi wa kumtia hima, sijui iliyo na heshima kubwa kuliko ile ya kujifunza lugha ya ugenini kwa kitabu. Na mkaazi wa Msanzi, au wa Sumbawanga, au wa popote pale katika nyanda za Ufipa, akiniuliza aanze na lugha ipi, nitamwambia bila ya kusita kwamba aanze na Kihispania. Huenda akaona ajabu, kwa kuwa barabara yetu yateremka Kasanga ziwani, wala hakuna Mhispania angojaye huko. Lakini ni ziwa hilohilo la Tanganyika ambalo Wakuba walilivuka kutoka Kigoma kwenda Kongo mwezi wa Aprili 1965, wakiwa na Che Guevara, nao wamejipa majina ya hesabu yaliyotolewa katika kamusi ya Kiswahili, yeye mwenyewe akiitwa Tatu. Na kijana wa Kikongo aliyewekwa amfundishe Kiswahili, Freddy Ilanga, baadaye alikwenda Kuba, akaishi kwa Kihispania, akawa tabibu wa kupasua ubongo wa watoto. Leo lugha zote mbili ni lugha rasmi za Umoja wa Afrika.

Vitabu vinavyomfikia mwanafunzi wa namna hii aghalabu ni vya Kiingereza, vimetungwa kwa ajili ya Mwingereza, na hapo ndipo penye jambo nilitakalo kulisema. Mtungaji hutumia kurasa nyingi kumtayarisha msomaji wake kwa mashaka ambayo mtu wa Kiswahili hanayo. Humwonya juu ya ñ, ilhali ni ny ya nyanya. Humwonya juu ya j, ilhali yakaribia mno kh ya Khamisi. Z ya watu wa Madrid ni th ya thelathini, na d iliyokaa kati ya irabu mbili hulainika ikaelekea dh ya fedha. Irabu ni tano, zilezile zetu, na neno likiishia kwa irabu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama tuuwekavyo sisi, isipokuwa pale alama iliyoandikwa inapoelekeza vingine.

Hata lile suala la vitenzi viwili, ser na estar, linalomsumbua Mwingereza miaka na miaka kwa sababu yeye anacho kitenzi kimoja tu, kwetu limekwisha kufunuliwa nusu kabla ya somo kuanza. Soy de Msanzi: mimi ni wa Msanzi. Estoy en Msanzi: niko Msanzi. Mtoto wetu wa miaka minne hachanganyi ni na niko. Mipaka hailingani kila mahali, maana Mhispania aliyechoka husema estoy cansado, nasi husema nimechoka. Lakini mlango u wazi. Na mtu aliyelelewa katika kitabu cheupe na vitabu vyeupe, akikutana na libro blanco na libros blancos, casa blanca na casas blancas, hataona ajabu kwamba sifa hulifuata jina, na ngeli mbili badala ya nyingi zitampunguzia mzigo. Tena Waislamu walitawala sehemu za Uhispania kati ya 711 na 1492, na Kiarabu kiliacha huko azúcar, aceituna na azafrán, kama kilivyoacha kwetu sukari, zaituni na zafarani.

Taabu ipo, na ni haki itajwe. Wengi wetu wa bara ndimi zetu huchanganya r na l, na Kihispania hakisamehe: pelo ni nywele, pero ni lakini, na perro, kwa r ya kutetemeshwa sana, ni mbwa. Maneno hayo matatu yasomwe kwa sauti kila siku, mbele ya watu wa nyumbani, bila ya haya.

Juni na Julai, mavuno yakiwa ghalani na baridi ya Ufipa ikiwafungia watu ndani mapema, ndio wakati wa kazi yenyewe. Mwanafunzi achukue aya fupi ya kitabu chake, aifasiri kwa Kiswahili safi katika ukurasa wa kushoto wa daftari. Kisha afunge kitabu, aache siku chache zipite, airejeze kwa Kihispania upande wa kulia akitazama Kiswahili chake tu. Ndipo afungue kitabu, alinganishe neno kwa neno, na kila palipohitilafiana apigie mstari mwekundu. Mistari hiyo ndiyo somo lake la kesho. Zile siku za kungoja zisirukwe: hata mkulima wa Kifipa hufukia majani ndani ya ntumba, yaani tuta la udongo, mvua zikielekea ukingoni, akapanda maharage juu yake, wala haitawanyi mpaka msimu wa pili, majani yameoza na udongo umepata nguvu ya kuchukua ulezi.

Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na kufikia 1850 alikwisha kuchapisha sarufi ya Kiswahili kwa wenzake wa Ulaya, Steere, mmisionari pia, akafuatia na kitabu chake 1870, na D. V. Perrott, 1951, akamwezesha Mwingereza kujifunza lugha yetu akiwa peke yake nyumbani kwake. Wazungu walitungiwa vitabu. Basi wewe uliyesoma Kihispania, iwe ulikisomea Havana au chini ya taa Sumbawanga, tutungie na sisi: kitabu chembamba cha Kiswahili, chenye mazoezi na majibu mwishoni, ambacho somo lake la kwanza litakuwa ni na niko.