Aliyegundua PSA amekikana kipimo? Tumekisoma kitabu chenyewe

Mwezi uliopita mjomba wangu, mwenye miaka 58, alinirushia klipu ya WhatsApp. Msemaji anadai eti mgunduzi wa PSA mwenyewe amekikana kipimo na kukiandikia kitabu. Chini mjomba akaongeza: "Umeona? Mimi siendi." Baba yake, yaani babu yangu, alifariki kwa saratani ya tezi dume. Basi nikakitafuta kitabu.

Kinaitwa The Great Prostate Hoax, cha mwaka 2014. Kimeandikwa na Richard Ablin, mwanasayansi wa Marekani aliyeigundua PSA mwaka 1970, akishirikiana na Ronald Piana. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe na saratani au isiwe nayo. Hapa kitabu kina nguvu kweli. Tezi ikitanuka kwa umri au ikipata maambukizi, namba hupanda. Tena saratani nyingi za tezi hii hukua polepole mno, mtu akafa uzeeni kwa jambo lingine kabisa. Wanaume wengi Marekani walipasuliwa bila ulazima, wakabaki wanavujisha mkojo au wamepoteza nguvu za kiume. Hasira ya Ablin ni ya haki.

Tatizo ni kwamba anakibebesha kipimo makosa ya maamuzi yaliyofuata. Namba kubwa si amri ya kupasuliwa. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza, uliotoa matokeo ya miaka 15 mwaka 2023, uliwagawa wagonjwa 1,643: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa kwa karibu. Katika kila kundi, takriban 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Na mwaka 2025 utafiti mkubwa wa Ulaya, ERSPC, ulionyesha kuwa baada ya miaka 23 vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 kwa walioitwa kupimwa. Ni kifo kimoja kilichozuiwa kwa kila wanaume 456 walioitwa. Faida ndogo, sawa, lakini huwezi kuiita utapeli.

Halafu kuna jambo ambalo klipu imelificha. Mwaka 2010, kwenye gazeti la New York Times, Ablin huyohuyo aliandika kwamba wenye historia ya ugonjwa huu kwenye familia pengine wapimwe mara kwa mara. Mjomba ndiye huyo.

Isitoshe, ugomvi wa kitabu ni wa Marekani, ambako watu walipimwa na kutibiwa kupita kiasi. Huku kwetu wengi hufika hospitali saratani imeshaingia kwenye mifupa. Ukimpa mwenye njaa ushauri wa kupunguza kula, unamuumiza.

Kitabu kisomeni, kinafundisha kuuliza maswali. Ila maswali yaulizwe kwa daktari, kabla ya kutoa damu: namba ikipanda, hatua gani inafuata? Je, nitaweza kufuatiliwa bila kukimbilia upasuaji?

Nilimpigia mjomba nikamsomea ile sehemu ya gazeti. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ni damu tu kwanza, hawakati?" Ni damu tu kwanza, mjomba. Jumamosi tunaenda wote.