Uhaba wa 1979–1984: Kukosoa Maelezo Mepesi

Kila inapozungumzwa miaka ya foleni za sukari, sabuni na unga, makada wetu hutoa maelezo ya aina mbili. Wapo wasemao kwamba shida yote ilitoka nje: vita, ukame na bei ya mafuta. Wapo wasemao kwamba shida yote ililetwa na walanguzi. Maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini kila moja likisimama peke yake hupotosha. Na kada asiyeielewa jana hawezi kuwaongoza wananchi leo.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita hiyo, iliyomalizika 1979, hukadiriwa kutugharimu dola milioni 500 za Marekani. Mwaka huo huo wa 1979 yalitokea mapinduzi ya Irani, na bei ya mafuta duniani ikapanda zaidi ya mara mbili. Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na shida ikazidi. Kwa nini?

Jibu limo katika jinsi sehemu za uchumi zinavyotegemeana. Fedha za kigeni zilipopungua, nchi haikuweza kuagiza mafuta, matairi na vipuri vya kutosha. Lori lisilo na tairi haliwezi kubeba pamba kutoka kijijini. Pamba isiyofika kwenye kiwanda cha kuchambulia haiuziki nje, na isipouzwa, fedha za kigeni hupungua tena. Mkulima naye, akiwa amecheleweshewa malipo, na hata akilipwa hakuti jembe wala khanga dukani, hana sababu ya kupanua shamba. Hivyo tatizo lililoingilia bandarini lilifika hadi shambani, likarudi bandarini likiwa kubwa zaidi. Huduma za jamii hazikusalimika. Pampu za dizeli zilisimama vijijini, akina mama wakarudi mtoni. Na zahanati iliyotunza chanjo kwa jokofu la mafuta ya taa ilitegemea mafuta hayo hayo yaliyoadimika.

Sasa hatuna budi kujikosoa. Mwaka 1976 tulivunja vyama vikuu vya ushirika na kuzikabidhi kazi zake mamlaka za mazao. Vyama hivyo vilikuwa na kasoro, ubadhirifu ukiwamo. Lakini vilipoondolewa, wakulima walipoteza chombo chao cha kukusanya na kusafirisha mazao, wakabaki na shirika la umma lililo mbali nao. Shirika lilipokwama, njia ya pili ilikuwa magendo. Uamuzi huo haukufanywa na mabeberu wala walanguzi. Sheria ya kurudisha ushirika ilitungwa 1982, miaka sita baadaye.

Kwa msingi huo ndipo tuipime kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Ndugu Edward Sokoine mwaka 1983. Wananchi waliiunga mkono kwa haki, kwani kuficha sabuni watoto wakiugua upele ni unyonyaji. Hata hivyo, bidhaa zilizofichuliwa zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Kuzigawa hakukuwasha hata mashine moja iliyosimama kwa kukosa kipuri. Mlanguzi alinenepa kwa uhaba, lakini si yeye peke yake aliyeuzaa. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yalianza kujaa, ingawa mfanyakazi wa kima cha chini mara nyingi aliishia kuziangalia tu.

Somo hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraini ilipandisha bei ya mafuta na mbolea, na Serikali ikatoa ruzuku. Ruzuku humpa mwananchi nafuu. Utegemezi huubakiza pale pale. Kwa hiyo kila kada aulize katika wilaya yake, kabla ya dharura kufika: Pampu ya maji ikiharibika, kipuri hutoka wapi? Mnunuzi wa mazao akikwama, mkulima ana njia gani nyingine ya halali? Mafuta yakikosekana kwa mwezi mmoja, zahanati itaendeshwaje? Asiyekuwa na majibu hayo, foleni zitakaporudi, atabaki kutafuta mchawi.