Shajara ya Meinertzhagen: kitabu kitamu, shahidi wa mashaka

Ukiandika habari za Vita ya Kwanza ya Dunia hapa kwetu, utakutana tu na Richard Meinertzhagen. Yumo kwenye vitabu, kwenye filamu za historia, kwenye nyuzi ndefu za mitandaoni zinazofufuka kila Novemba kukumbuka mapigano ya Tanga. Alikuwa ofisa wa ujasusi wa jeshi la Uingereza na aliandika shajara. Anasimulia vizuri kiasi kwamba ukishaanza hutaki kuacha. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi.

Vitabu ninavyovizungumzia ni viwili. Cha kwanza ni Kenya Diary, kinachohusu miaka ya 1902 hadi 1906, kilichotoka 1957. Cha pili ni Army Diary, kinachoanzia 1899 mpaka 1926, kilichotoka 1960. Mwenyewe alizaliwa London mwaka 1878 kwenye familia ya mabenki, akaingia jeshini, akahudumu India, kisha 1902 akapelekwa kwenye kikosi cha King's African Rifles, kile ambacho babu zetu walikiita Keya. Vita ilipoanza 1914 alikuja na jeshi lililotoka India kuivamia Tanga. Baadaye akaongoza ujasusi wa Waingereza Afrika Mashariki, mwisho wa 1916 akaondoka kwa ugonjwa, na 1917 akawa Palestina. Alifariki 1967. Kwa hiyo vitabu hivi vilitoka akiwa mzee, miaka hamsini na zaidi baada ya baadhi ya matukio yanayosimuliwa humo kama ya jana.

Nianze na sifa, maana anastahili. Sura za Tanga ni kati ya maandishi yenye nguvu zaidi kuhusu vita ile. Jenerali Aitken anafika na askari wapatao 8,000, upande wa pili von Lettow-Vorbeck ana kama 1,000. Askari wamekaa melini muda mrefu, wamechoka, hawajui nchi. Halafu mapigano, mashamba ya mkonge na minazi, nyuki wanatoka mizingani kuwashambulia watu, jeshi kubwa linakimbilia ufukweni na kuacha bunduki na risasi ambazo Wajerumani watazitumia kwa miezi mingi. Meinertzhagen anaandika kama mtu aliyesimama pembeni na kuona kila kitu. Sentensi fupi, dharau kali, kicheko cha uchungu. Siku ya mwisho anatumwa na bendera nyeupe kuzungumza habari za majeruhi, na maadui wanamkaribisha kifungua kinywa. Ungeshindwaje kupenda ukurasa kama huo?

Kuna pia kile alichokiita njia ya karatasi chafu. Maofisa wa Kijerumani, kwa uhaba wa karatasi, walijisafishia chooni kwa barua na amri za kijeshi walizokwisha kuzisoma. Meinertzhagen anasema aliagiza karatasi hizo zikusanywe, zikasafishwa na kusomwa, akapata sahihi za maofisa na mipango yao. Hadithi hii kila mtu anaipenda. Lakini soma tena, taratibu: nani aliingia kwenye vyoo hivyo? Si kapteni. Walikuwa Waafrika, waliotembea nyuma ya mistari ya adui wakijua wakikamatwa ni kitanzi. Kwenye kisa chake wao ni mikono tu, na yeye ndiye akili.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Meinertzhagen alikuwa pia mtaalamu wa ndege, aliyeheshimika sana. Hata nguruwe mkubwa wa msituni anaitwa kwa jina lake kwenye sayansi tangu 1904, Hylochoerus meinertzhageni. Lakini kuanzia miaka ya 1990 watafiti walipochunguza ndege wake waliokaushwa, waligundua kwamba baadhi aliwaiba kwenye makusanyo ya watu wengine, yakiwemo ya makumbusho, akawabandika lebo mpya zenye tarehe na mahali pa uongo. Yaani ndege aliyepigwa risasi na mtu mwingine, nchi nyingine, mwaka mwingine, akawa wa Meinertzhagen.

Mwaka 2007 mwandishi wa Marekani, Brian Garfield, akatoa kitabu kizima, The Meinertzhagen Mystery, akiwaonyesha wasomaji kwamba alichokifanya kwa ndege alikifanya pia kwa maisha yake. Shajara zilikuwa kurasa zilizopigwa taipu, zinazoweza kuchomolewa na kurudishwa. Mfano mkubwa ni kisa cha shanta. Kwa miaka mingi dunia iliamini kwamba Oktoba 1917, karibu na Beersheba, Meinertzhagen alijifanya amejeruhiwa, akaangusha shanta yenye karatasi za uongo, Waturuki wakaiokota na kudanganyika. Mpaka filamu ya Australia ya 1987, The Lighthorsemen, ikakitumia kisa hicho. Garfield anaonyesha kwamba wazo halikuwa lake, na aliyepanda farasi siku ile hakuwa yeye. Tendo lilikuwepo, lebo ndiyo iliyobadilishwa. Ni mtindo uleule wa ndege.

Sishangai kwamba aliyemfungulia kesi kubwa namna hiyo alikuwa mtunzi wa riwaya. Garfield ndiye aliyeandika Death Wish, riwaya ya 1972 iliyogeuka filamu maarufu. Mtu anayetunga visa kwa riziki anajua kisa kilichopangwa kinavyonukia. Maisha hayaji na mwisho uliokaa sawa kila mara, wala mtu mmoja hawezi kuwa ndiye mwenye jibu sahihi kila kikao.

Hili unaweza kuliona mwenyewe bila kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka yoyote. Katika Kenya Diary kuna mazungumzo na Sir Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa Uingereza wakati ule. Eliot anaota nchi ya walowezi wa kizungu. Kijana Meinertzhagen anamwambia nchi ni ya Waafrika na siku moja wataidai, kutakuwa na mapambano. Utabiri wa ajabu! Kisha geuza kitabu uangalie mwaka wa kuchapishwa: 1957. Mau Mau imeshatokea, hali ya hatari ilitangazwa tangu 1952. Pengine alisema kweli maneno hayo zamani. Lakini shajara inayotabiri mambo na kuchapishwa baada ya mambo hayo kutokea haina tofauti na mtu anayekuonyesha mkeka wa bahati nasibu jioni, mechi zikiwa zimeshaisha. Hata kama kaubahatisha, huwezi kumlipa.

Basi tukitupe kitabu? Hapana, na sababu yangu ni Koitalel arap Samoei.

Koitalel alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa Wanandi, waliopigana na Waingereza na reli yao kwa miaka kama kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kwenye mkutano na Meinertzhagen, akauawa hapo, pamoja na wengi wa wenzake. Kwenye shajara, Meinertzhagen anajieleza kuwa ndiye aliyetegewa mtego na kwamba alipiga kwa kujihami. Wanandi wamesimulia tangu siku ile kwamba kiongozi wao aliitwa kwa amani, akauawa kwa hila. Uchunguzi wa kijeshi ulimsafisha, lakini mwaka uliofuata wakubwa wake wakamwondoa Kenya. Vitu vya Koitalel alivyovichukua vilikaa Uingereza karne nzima. Vilirudishwa Kenya 2006. Wazee wanasimulia pia kwamba kichwa cha Koitalel kilikatwa na kupelekwa huko.

Tazama sasa ajabu ya mambo. Juu ya nani alimuua Koitalel, mwongo na waliodhulumiwa wanakubaliana. Wanatofautiana mahali pamoja tu: nani alikuwa na hila. Na hapo ndipo hasa mwandishi ana faida ya kutetea. Kwa miongo mingi maandishi ya Kiingereza yalilichukulia neno lake kuwa ushahidi na neno la Wanandi kuwa masimulizi ya wazee. Kwa nini? Kwa sababu lake lilikuwa na tarehe juu ya ukurasa. Leo tunajua tarehe zile zina thamani gani. Uzito unabidi upimwe upya, na safari hii masimulizi ya mdomo yakae kwenye mizani sawa na taipu.

Kipimo ninachotumia nimekitoa kwenye kazi yangu ya uandishi wa habari. Chanzo chochote unakiuliza: ulikuwepo? Unapata nini nikikuamini? Nani mwingine alisema? Meinertzhagen akijisifu, namshuku. Akielezea ushindi wa akili yake, namshuku zaidi. Lakini kuna kurasa asizojua kwamba zinamshtaki. Mwaka 1902, baada ya mlowezi mmoja kuuawa, anaandika kwamba aliamuru kila kiumbe katika kijiji cha Wakikuyu kiuawe isipokuwa watoto. Aliandika, akahifadhi, na 1957 akachapisha. Hakuona haja ya kuficha. Hata kama alitia chumvi, ukurasa huo unatuambia ni jambo gani ofisa wa Kiingereza aliamini linaweza kusomwa hadharani bila kumpotezea heshima. Kwa hilo kitabu kina thamani kubwa, thamani ambayo mwenyewe hakuikusudia.

Nimekisoma Army Diary nikiwa Magomeni, sehemu kubwa kwenye simu, ndani ya mwendokasi kwenda na kurudi mjini. Toka Magomeni ukishavuka Jangwani, hufiki mbali unaona njia ya Kariakoo. Jina hilo tunalitamka mara ishirini kwa siku bila kufikiri. Limetoka kwa Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi waliwekwa pale, na jina likageuzwa na midomo yetu mpaka likawa letu. Nairobi wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo.

Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja kwenye vita hii. Waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, njaa na mizigo. Wajerumani nao walikamata watu vijijini wakawabebesha. Mtu aliyebeba sanduku la risasi kutoka pwani hadi Rufiji hakuwa na taipureta, wala mzee wa miaka themanini aliyesalia hakupata mchapishaji wa kumsahihishia kumbukumbu zake. Kwenye kitabu cha Meinertzhagen wapagazi wapo kama mvua na matope vilivyopo: sehemu ya ugumu wa safari.

Hata sanamu yetu ya Askari pale katikati ya jiji, iliyozinduliwa 1927, ni ya mtu mwenye bunduki. Maandishi ya chini yake yanawakumbuka wapagazi pia, lakini umbo ni la askari peke yake. Nairobi angalau mpagazi kasimamishwa pamoja na askari. Sisi tulimpa mtaa na soko.

Pengo hili waandishi wa riwaya wameanza kulijaza. Abdulrazak Gurnah katika Paradise, ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kama Peponi kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, anatufikisha kwenye ukingo wa vita ile. Katika Afterlives anaingia ndani kabisa, anamfuata Hamza, kijana aliyejiunga na askari wa Kijerumani, na ofisa Mjerumani anayemfundisha lugha yake. Hamza ni wa kubuni, na Gurnah hakudai vinginevyo. Lakini niulize swali la kiwanda: kati ya Hamza na shajara ya Meinertzhagen, ni kipi kinachonieleza vita ile ilikuwaje kwa mwili wa mtu? Mimi nitamchukua Hamza. Mtunzi ametia saini kwamba ametunga, kwa hiyo najua nimesimama wapi.

Ushauri wangu basi si kumzika Meinertzhagen. Msomeni, kitabu ni kitamu kweli, na sura za Tanga zitakukosesha usingizi. Ila wewe unayeandika uzi, makala au hotuba ya kumbukumbu, usiandike tena "Meinertzhagen alifanya". Andika "Meinertzhagen anadai alifanya". Neno moja tu. Na ukimtaja yeye kwa jina, cheo na kikosi, tafuta nafasi ya sentensi moja ya kumtaja aliyeingia chooni kutoa zile karatasi, hata kama jina lake hatunalo.