Bingwa wa Nini? Kumpima Mpasuaji wa Urembo kwa Vyeti Vyake

Mpasuaji wa urembo siku hizi husifiwa kwa picha za "kabla na baada", ilhali taa ikihamishwa na kidevu kikiinuliwa kidogo, mteja hupata kiuno kipya kabla ya kuguswa na kisu. Hata wanaojitapa kuwa wamekagua vyeti huishia kuhesabu fremu zilizotundikwa ukutani, wasisome zimeandikwa nini.

Leseni ni idhini ya kutibu tu, na nchini Marekani kila daktari aliye nayo anaruhusiwa kisheria kufanya upasuaji wa urembo, hata kama mafunzo yake yalikuwa ya macho au uzazi. Ubingwa ni jambo jingine, na aambiwaye kuwa daktari fulani "amethibitishwa na bodi" hajaambiwa kitu mpaka bodi hiyo itajwe. American Board of Plastic Surgery, iliyoundwa mwaka 1937, ni mojawapo ya bodi 24 zilizo chini ya American Board of Medical Specialties. American Board of Cosmetic Surgery, ambayo jina lake hutofautiana kwa neno moja tu, haimo.

Thamani ya cheti cha ile ya kwanza haimo katika muhuri wake, bali katika jambo ambalo mteja haulizi kamwe, nalo ni mtihani wa mdomo. Mtahiniwa, ambaye tayari amefundishwa upasuaji kwa miaka isiyopungua sita na kufaulu mtihani wa kuandika, hukabidhi orodha ya wagonjwa wote aliowapasua katika kipindi kilichowekwa, kisha watahini ndio wanaochagua kesi za kumhoji. Hana nafasi ya kuleta pua iliyomnyookea na kuficha kidonda kilichooza, kwa kuwa hutakiwa kueleza kwa nini alikata pale, kwa nini hakungoja, na alifanya nini damu ilipokataa kukoma. Picha za mtandaoni ni mtihani ambao mtahiniwa amejitungia maswali na kujisahihishia.

Haja ya bodi hiyo ilikuwa bayana. Daktari Henry Schireson alimpunguza pua mchekeshaji Fanny Brice mwaka 1923, na jina lake likavuma magazetini. Miaka michache baadaye, mgonjwa wake aliyetaka kunyooshewa miguu aliishia kukatwa yote miwili. Alikuwa na leseni, na alichokosa ni wenzake wa kuikagua kazi yake, pengo ambalo mpasuaji Vilray Blair wa St. Louis aliongoza juhudi za kuliziba.

Katika Afrika Mashariki, kipimo kinacholingana na hicho ni shahada ya uzamili ya upasuaji wa plastiki, yaani upasuaji wa kurekebisha umbo lililoharibiwa na moto, ajali, maradhi au kasoro ya kuzaliwa, au ushirika wa fani hiyo unaotolewa na COSECSA, chuo cha wapasuaji cha kanda chenye makao yake Arusha. Cheti cha kuhudhuria kozi ya siku mbili hakiwezi kuwekwa katika daraja hilo, hata kikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Asiyewahi kuokoa mkono ulioungua hastahili kugusa pua nzima. Mpasuaji Michael Wood, aliyefundishwa na mpasuaji wa plastiki Archibald McIndoe na kushirikiana naye mwaka 1957 kuanzisha huduma ya madaktari wasafirio kwa ndege, Nairobi, alijenga jina lake kwa kuwatibu wagonjwa, si kwa picha.

Linabaki swali la hospitali. Hospitali kubwa humpa mpasuaji ruhusa ya upasuaji mmoja mmoja baada ya kukagua mafunzo yake, ilhali mwenye kliniki hujiruhusu mwenyewe. Kwa hiyo mteja wa kunyonywa mafuta na aulize ni hospitali gani, yenye chumba cha wagonjwa mahututi, iliyomruhusu daktari huyo kufanya upasuaji uleule, kisha apige simu hospitalini kuthibitisha.