Kusitisha au Kukatisha Mruko?

Istilahi ya usalama hupimwa kwa kitendo cha msomaji baada ya kuisoma. Kwa kipimo hicho tuangalie istilahi moja ya ndege zisizo na rubani, ambazo wengi huziita ndege nyuki: amri itolewayo kutoka mbali ili kuumaliza mruko wa ndege iliyokosa kutii, kabla haijaleta madhara makubwa zaidi.

Neno limjialo mfasiri upesi ni kusitisha. Lakini kilichositishwa chaweza kuendelea. Mkutano husitishwa kwa mvua, ukaendelea mvua ikatikapo. Amri hii haina kuendelea. Aghalabu hukata nguvu za mota, na chombo huanguka. Kushusha nako humwahidi msomaji kutua kwa salama, ilhali kutungua ni kazi ya adui.

Tuchukue mfano wa Lushoto, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,400 hivi katika milima ya Usambara. Mrushaji wa huko aweza kuwa na amri tatu: kurudi, kutua na hii tuijadiliyo. Katika ndege nyingi, kimo cha kurudi huhesabiwa kuanzia mahali iliporushiwa. Iliyorushwa bondeni na kuvuka kilima, ikiamriwa kurudi kwa kimo kidogo, yaweza kukigonga kilima hicho hicho. Kutua huishusha polepole hapo ilipo, hata kama ni mteremkoni. Amri ya tatu huiangusha. Mwongozo ukiyachanganya maneno haya, mrushaji atabonyeza kitufe akitazamia ndege ishuke taratibu, kumbe anaiangusha juu ya watu wavunao kabichi.

Wako watakaopendekeza kulipua, kwa mfano wa roketi. Ni kweli kwamba tarehe 7 Machi 1923 haikuwa na mambo haya, lakini tarehe 7 Machi 2023 Japani iliipelekea roketi yake ya H3 amri ya kujiharibu, baada ya injini ya hatua ya pili kukosa kuwaka. Hata hivyo, kulipua ni njia mojawapo tu. Ndege nyuki iliyokatwa mota haikulipuliwa.

Twapendekeza kukatisha mruko, na nomino yake ukatishaji mruko. Aliyekatisha safari hakufika alikokusudia. Maana hiyo wananchi wanayo tayari. Mfasiri naye aongeze sentensi moja kando ya istilahi: chombo kitaanguka.