Templeti Haijui Kiswahili

Mawaidha kwa vijana wanaotaka kuwa wabunifu wa picha za kidijitali au maprodyuza yamejaa YouTube, na karibu yote yanafanana. Tafuta laptopu yenye nguvu, shusha programu hii, nunua pakiti ile ya sampuli, fanya mazoezi kila siku, usikate tamaa. Si ushauri mbaya. Lakini unatolewa kana kwamba kazi yako itaonekana na kusikika hewani tu, si Kayole wala Kisumu, na kana kwamba watakaoipokea hawana lugha yao. Unakufundisha vyombo. Haukufundishi kukata nguo kwa kipimo cha mwili utakaoivaa.

Chukua templeti yoyote ya bango ya bure. Pale juu, pa kichwa kikubwa, aliyeitengeneza alikuwa na maneno kama LIVE na SALE akilini. Herufi nne. Sasa weka pale "Tunawakaribisha". Herufi 15. Wengi wetu hufanya nini? Hupunguza fonti hadi neno kuu linakuwa dogo kuliko namba ya simu iliyo chini, halafu bango linaonekana kama tangazo la mazishi. Kiswahili kinaweza kubeba sentensi nzima ndani ya neno moja, na templeti haikuambiwa hivyo. Kwa hivyo usianze na rangi. Anza na neno. Lipe mstari wake peke yake, au livunje penye silabi, au chagua fonti ndefu nyembamba, au mwambie mteja kwa heshima kwamba "Karibuni" inatosha. Mbunifu asiyeweza kugusa maneno ya bango amefungwa mkono mmoja.

Fonti nazo zina mambo. Huuzwa kwa sentensi za Kiingereza zilizopangwa vizuri, na wewe ukiandika "wakazi wa Kawangware" unagundua k yake imekaa vibaya, na w na a zimeachana kama majirani waliokosana. Kabla ya kuichagua, iandikie maneno yako mwenyewe. Kisha tuma kazi kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ifungue kwa simu ya bei nafuu, na uitazame ukiwa umenyoosha mkono. WhatsApp itaibana picha. Mistari myembamba na maandishi madogo yatakuwa ukungu. Watu wako wengi wataiona hivyo, si kwa skrini yako. Kava ya wimbo unaitengeneza kwa pikseli 3000 kwa 3000, lakini msikilizaji anaiona ikiwa na ukubwa wa kidole gumba.

Wachoraji wa nganya wanalijua hili bila kuhudhuria kozi. Gari linapita, una sekunde mbili tatu za kusoma jina lake, na jina linasomeka. Watu husifu rangi na taa za nganya. Mimi nasifu ukubwa wa herufi.

Kwa muziki hadithi ni ileile, ila hapa kosa halionekani kwa macho. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno huishia kwa vokali. Mwanarap wa Kiingereza anaweza kufunga mstari kwa silabi moja ngumu inayogonga pamoja na snea, basi, kimya. Wa Kiswahili akigonga snea kwa mkazo bado ana mkia: ile vokali ya mwisho. Ukimpa biti iliyojazwa vikorombwezo mara tu baada ya snea, mkia unafunikwa na maneno yanaanza kusikika kama yamekatwa. Halafu tunamlaumu msanii eti hana flow.

Ndiyo maana bado narudia kazi za Clemo pale Calif Records, studio iliyobeba jina la mtaa wa California, upande wa Eastleigh. Biti za genge za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na ngoma, besi, kinanda kidogo, basi. Wapo waliozidharau wakisema ni za kitoto. Lakini sikiliza Jua Cali au Nonini juu yake: wanasikika kama wasee wanaopiga story kwa kona, na hakuna neno linalopotea. Nafasi ile haikuwa uvivu. Ilikuwa kipimo. Programu yenyewe si hoja. FruityLoops, inayoitwa sasa FL Studio, ni ya Ubelgiji, na imetengeneza muziki wa kila aina duniani.

Sidai kila kitu kizaliwe hapa. Drill ilitoka Chicago, ikapita London, na ilipofika Buruburu, Buruklyn Boyz wakaivalisha Sheng. Ninachouliza ni kama prodyuza amehamisha chochote, au msanii ameachwa apigane peke yake na biti ya wenyewe.

Mfano wa kukopa vizuri ni "Ha-He" ya Just a Band, iliyotoka 2010. Video ile imekopa waziwazi kutoka filamu za Marekani za miaka ya 1970, hata yale maandishi yanayomtambulisha kila mhusika. Lakini shujaa anaitwa Makmende, neno ambalo watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakilitumia miaka mingi kabla, na aliyekulia hapa alicheka kabla hajaelezwa. Kundi hilo lilikuwa likifanya muziki na picha pamoja, na inaonekana: herufi na mdundo vina tabia moja. Kama wewe ni prodyuza na rafiki yako ni mbunifu, kaeni chumba kimoja kabla wimbo haujaisha. Kumtumia kava aifanye usiku wa kuamkia siku ya kutoa ni kumwomba akupambie mgeni asiyemjua.

Upande mwingine kabisa yuko KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru aliyeimba kwa Kikuyu, na mwenye jina lilelile. Albamu yake Peel ya 2020 inatumia sauti alizorekodi katika mazingira, zikanyooshwa polepole. Hakuna makanga atakayeicheza, tukubaliane. Ila ina somo kwa mtu wa genge pia: simu yako ni kinasa sauti. Rekodi mvua kwenye mabati, shata ya kiosk ikifungwa, kiganja cha makanga kikigonga bodi ya mat. Weka mgongo huo chini ya snea yako. Hakuna pakiti ya sampuli inayouza hiyo.

Kisha pima. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi ya chini kabisa, kwa hivyo 808 yako tamu ya hedifoni inaweza kutoweka yote. Ikwaruze kidogo, ipate sauti za juu zitakazosikika hata kwa kabambe. Sikiliza kwa mono, maana spika nyingi za bluetooth ni moja tu, na sauti ulizozipanua sana kushoto na kulia zinaweza kufutana. Usihangaike kuubana wimbo upige kelele kuliko wa jirani. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo karibu na LUFS -14.

Biti ya kukodi mtandaoni ndiyo templeti ya sauti. Ni rahisi, ni safi, na mara nyingi wengine wana haki ya kuimba juu yake ileile, na leseni yake huweza kuwa na kikomo cha mara utakazosikilizwa. Isome kabla hujalipa. Na kama biti imetengenezwa na beshte yako, andikeni nani ana asilimia ngapi, aliyeandika korasi na aliyechora kava wakiwemo, kila mtu atie sahihi. Fanyeni hivyo siku mnayorekodi. Wimbo ukishaanza kuchezwa kwa mat, hata aliyeenda kununua chapati atakumbuka kwamba alichangia bridge.