Kiti Kisicho na Mgongo: Namna Egemeo la Skuta Lilivyotengenezwa Crystal

Anayeendesha pikipiki hukaa kama aliyepanda punda: miguu huku na huku, magoti chini ya nyonga, na kiuno kinabaki na mpindo wake wa kawaida. Anayeendesha skuta hukaa kama mgeni sebuleni. Miguu yote miwili iko mbele sakafuni, mapaja yamelala, magoti yamekunjwa pembe mraba. Ni mkao wa kiti, ila kiti hicho hakina mgongo. Nina miaka mitatu ya kwenda kazini na kurudi kwa skuta ya sisi 150 hapa Crystal, kaskazini-magharibi ya Minneapolis, na miwili kati ya hiyo nilikuwa nikifika nyumbani nimeshika kiuno. Leo nachambua egemeo nililotengeneza: kwa nini la kwanza, la kununua, lilivunjika, na hesabu iliyolifanya la pili lisimame.

Nianze na mwili. Wengi wetu tukitaka egemeo tunakimbilia chuma, na hapo ndipo tunapopotea.

Pingili tano za kiunoni hupinda kuelekea mbele mtu anaposimama. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji wa Nebraska, J. J. Keegan, alichapisha picha za eksirei za watu katika mikao mbalimbali. Zilionyesha kwamba kadiri paja linavyokunjwa kuelekea tumboni, ndivyo misuli ya nyuma ya paja na ya makalio inavyoivuta nyonga irudi nyuma, na mpindo wa kiuno unazidi kunyooka. Mkao alioutaja kuwa wa kati, ambao misuli ya mbele na ya nyuma imelegea sawasawa, ulikuwa na pembe ya digrii kama 135 baina ya paja na kiwiliwili. Kwenye skuta yangu pembe hiyo ni 90, na nikichoka inapungua. Miaka ya 1970 watafiti wa Sweden, Andersson na Nachemson wakiwemo, walipima shinikizo ndani ya diski za kiunoni kwa sindano, wakaona linashuka egemeo linapolazwa nyuma kidogo na kiuno kinapopata kitu cha kukisukuma mbele. Vipimo vilivyofuata vimebishana juu ya ukubwa wa shinikizo la kukaa ukilinganisha na la kusimama. Juu ya faida ya kuegemea sijaona ubishi.

Kwa hiyo mahali pa kushikwa ni kiuno, juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Ukisukuma mabega na kuacha kiuno wazi, nyonga inateleza mbele na mgongo unakunjika zaidi ya mwanzo. Waliobuni skuta kubwa wanalijua hili. Suzuki Burgman ya sisi 400 na ile ya 650 zimetoka kiwandani na egemeo la dereva linalosogezwa mbele na nyuma, na anayeliona mara ya kwanza hulidharau kwa ufupi wake. Ufupi huo ni wa makusudi.

Kwetu Afrika Mashariki egemeo la chombo cha magurudumu mawili limekuwa la abiria. Mafundi wa Dar es Salaam na wa Nairobi huchomelea chuma nyuma ya bodaboda, wakakivika sponji na ngozi ya plastiki, na abiria akapata pa kutulizia mgongo. Dereva wa bajaji naye ana mgongo wa siti. Dereva wa bodaboda, anayeshinda barabarani tangu alfajiri hadi usiku, hana. Zanzibar, ambako Vespa imekuwa jina la karibu kila skuta, nimewaona wazee waliozeeka na vyombo hivyo wakishuka kwa kujisukuma na mikono miwili, na sikuwahi kujiuliza sababu mpaka mimi mwenyewe nilipoanza kushuka hivyo hivyo.

Crystal imeongeza shida yake. Maji huingia kwenye nyufa za lami, yakaganda, yakavimba, yakayeyuka, na ikifika Machi na Aprili barabara imejaa mashimo na vibonde. Gurudumu la inchi 12 huzama mahali ambapo gurudumu kubwa la pikipiki lingepita juu. Mwili wa mtu aliyekaa hutikisika zaidi unaporushwa juu na chini kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na hiyo ni kasi ambayo spidi za mjini juu ya lami iliyoharibika huifikia kwa urahisi. Mwenye pikipiki husimama kidogo juu ya vikanyagio, magoti yakala mshtuko. Kwenye skuta miguu iko mbele mno, hivyo kila kishindo kinapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Egemeo la kwanza nililinunua limetengenezwa tayari, la kufaa kila skuta, kwa maelezo ya muuzaji. Lilikuwa mto mrefu juu ya chuma bapa cha upana wa milimita 25 na unene wa 6, linafungwa kwa bolti nne kupitia sahani ya plastiki iliyo chini ya siti. Lilinigusa kwenye mabega. Wiki ya tatu nilipita njia ya reli inayokatiza mji wetu, nikasikia mlio nyuma. Plastiki ilikuwa imepasuka kutoka tundu la bolti moja hadi la pili, na chuma kimelala nyuma.

Nilikipeleka kwa mzee mmoja wa Mombasa aliyechomelea vyuma bandarini ujanani na sasa anatengeneza mageti kwenye gereji yake. Nilimwamkia, akaitikia, akakigeuza kile chuma mara mbili mkononi.

“Mwanangu, hiki ni bapa,” akasema. “Bapa ni la kufungia, si la kuegemea. Niletee bomba la mraba.”

Nilirudi nyumbani kupima kauli yake kwa kalamu. Mtu wa kilo 80 ana kama kilo 55 kuanzia nyonga kwenda juu, kichwa na mikono ikiwemo, na kitovu cha uzito huo kiko sentimita 30 hivi juu ya nyonga. Akilala nyuma digrii 10, egemeo lililo sentimita 20 juu ya siti hupokea msukumo wa kilo 14. Si mzigo mkubwa. Lakini shimo huuzidisha, nami nikauzidisha kwa tatu: kilo 42. Wenzo kutoka katikati ya mto hadi mahali chuma kinapofungwa ni sentimita 25. Zidisha, unapata 1,050. Bolti zikiwa zimeachana sentimita 8, gawa: jozi ya mbele inavutwa juu kwa kilo 131. Bolti ya milimita 8 haishtuki kwa mzigo huo. Plastiki ya unene wa milimita 3, yenye washa ndogo, inapasuka, na ndivyo ilivyofanya.

Sasa chuma chenyewe. Nguvu ileile ikikikunja kile bapa, mkazo kwenye ngozi yake unafika kilo 70 kwa kila milimita ya mraba. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kupinda bila kurudi kwenye kilo 25 hivi. Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, lenye ukuta wa milimita 2, likipewa kazi hiyohiyo, mkazo ni kilo 8 tu. Bomba hilo limezidi lile bapa kwa uzito kwa kama moja ya tano, lakini linahimili mkunjo karibu mara tisa. Siri iko kwenye mpangilio: chuma cha bomba kimesogezwa mbali na katikati, na kinachopinga mkunjo ni chuma kilicho mbali na katikati. Tena bomba lililofungika pande zote halisokoteki kirahisi unapoegemea upande mmoja ukikata kona. Yule mzee hakuhitaji kalamu. Mkono wake ulikuwa umeyajua hayo kwa miaka arobaini, na mimi nilifurahi kuona tarakimu zinamfuata.

Kizuizi cha pili ni cha skuta peke yake. Siti yake ina bawaba mbele, hufunuka kwa kuinuliwa nyuma, na chini yake kuna sehemu ya kofia ngumu na, kwangu, mdomo wa tangi. Egemeo linalotoka nyuma likapita juu ya siti linaifungia siti isifunuke. Likifungwa kwenye siti yenyewe, tunarudi kwenye plastiki. Keria nayo nilikataa kuitegemea, maana imeundwa kubeba mzigo mdogo uliotulia, wala si mtu anayesukuma.

Tulichokifanya ni hiki. Vyuma viwili anavyoshikilia abiria vimefungwa kwenye fremu yenyewe kwa bolti nne za milimita 8. Tulikata sahani ya chuma ya milimita 5, tukaifunga chini ya bolti hizohizo, na kwa kuwa sahani imekula milimita 5 za urefu tukanunua bolti ndefu zaidi, ili meno yasiyopungua milimita 8 yaingie kwenye fremu kama zamani. Juu ya sahani mzee alichomelea kipande cha bomba la milimita 30, ukuta 2. Ndani yake kuna nafasi ya milimita 26, na bomba letu la 25 linaingia kama droo, likielekea mbele juu ya nafasi ya abiria. Pini moja inalizuia. Ukitaka kufungua siti unachomoa pini, unavuta bomba, kazi imekwisha kwa sekunde kumi. Ile nafasi ya milimita moja iliyobaki ilikuwa ikigonga kila kishindo, nikaimaliza kwa ukanda wa plastiki ngumu ndani ya droo. Egemeo likiwepo, abiria hapandi. Sikutafuta njia ya katikati, kwa sababu mtu kukaa nyuma ya bomba la chuma ni hatari.

Droo ndiyo iliyotupa urekebishaji. Tulitoboa matundu kila milimita 20, saba kwa jumla. Kwenye ncha ya mbele bomba fupi limesimama wima, nalo lina droo yake ya kupanda na kushuka. Mto hukaa juu ya bolti moja ya kulala, ukiwa huru kuinama digrii kumi mbele na kumi nyuma. Uhuru huo umenifaa kuliko kitu kingine chochote nilichoongeza, kwa sababu mgongo haubaki kwenye pembe moja toka taa hadi taa, na mto uliokazwa humchoma mtu kwa ukingo wa juu au wa chini.

Mto ni ubao wa plaiwudi wa sentimita 26 kwa 16, kingo zimeviringishwa kwa msasa. Juu yake milimita 30 za sponji ngumu yenye vitundu vilivyofungika, isiyonywa maji, kisha milimita 15 za sponji laini. Usidanganywe na ile sponji inayobonyea polepole kama unga uliokandwa. Dukani, penye joto, ni raha. Asubuhi ya Aprili yenye baridi inakuwa ngumu kama sabuni ya mche, kwa sababu ulaini wake hutegemea joto.

Kurekebisha kulichukua muda mrefu kuliko kuchomelea. Kabla ya kukata chochote nilikaa juu ya skuta, stendi ya kati ikiwa chini, nikabana taulo lililokunjwa kati ya kiuno na boksi zito, nikalipandisha na kulishusha hadi pumzi iliposhuka yenyewe. Katikati ya taulo palikuwa sentimita 19 juu ya siti iliyobonyea kwa uzito wangu. Kipimo kichukuliwe hivyo, siti ikiwa imekaliwa. Siti tupu ilinipa 15, na tofauti hiyo ya sentimita 4 ni sawa na pingili nzima ya kiuno.

Kisha barabara. Njia yangu ya majaribio ilikuwa moja siku zote: kushuka Douglas Drive hadi barabara kuu namba 55 huko Golden Valley, na kurudi. Nilibadilisha jambo moja kwa siku moja. Siku ya tundu la tano mto ulinisukuma hadi viwiko vikakunjika kupita kiasi, na kwenye kugeuza usukani mpaka mwisho mkono wa ndani ukagusa goti. Hilo ni kosa la hatari, nikarudi siku hiyohiyo. Tundu la pili lilikuwa mbali, nikajikuta nautafuta mto kwa kuinama nyuma. La tatu lilikaa vizuri: nikikaa wima kuna nafasi ya kidole kimoja kati yangu na mto, nikilegea unanipokea, na nyonga inabaki huru kuruka shimo. Urefu niliupandisha sentimita moja, ukawa 20.

Nilidhani hapo nimemaliza. Oktoba ilipofika nikavaa koti zito, na siku ya kwanza tu egemeo likaanza kunisukuma tena kuelekea usukani. Nilipima koti mgongoni likiwa limebanwa: milimita 20. Nikachomoa pini, nikarudisha bomba nyuma tundu moja.